Mtoto Afike Darasani: Jamii, Kisomo na Mahudhurio ya Shule Tanzania

Tangu shule za kisasa zilipoingia Tanzania, kazi ya kumfikisha mtoto darasani imefanywa na pande mbili. Serikali imetunga sheria, imeajiri walimu na kugawa vitabu. Jamii inayoizunguka shule imetoa ardhi, tofali, mahindi, kuni, na mtu wa kwenda kumuulizia mtoto aliyebaki nyumbani. Historia za elimu huandika zaidi juu ya upande wa kwanza, kwa kuwa ndio ulioacha nyaraka. Lakini mara nyingi upande wa pili ndio ulioamua kama mtoto aliyeandikishwa Januari angekuwa bado yumo darasani ifikapo msimu wa palizi.

Kabla ya shule hizo, mafunzo ya watoto yalikwenda na majira ya mahali. Jando na unyago katika makabila mengi ya kusini na mashariki vilifanywa baada ya mavuno, wakati ghala lina chakula na mikono ya vijana haihitajiki shambani. Pwani, kuanzia Tanga hadi Lindi na visiwani, mtoto alipelekwa chuoni kusoma Kurani. Mwalimu wa chuo hakuwa na mshahara. Alitunzwa na wazazi, na wanafunzi wenyewe walimletea kuni na maji au kumlimia shamba lake, kisha mzazi akatoa zawadi mtoto alipohitimu. Chuo kilikuwa mtaani, kibarazani au msikitini, hatua chache kutoka nyumbani. Mtoto asipoonekana, mwalimu alijua siku hiyohiyo, na mama yake alikutana na mwalimu njiani.

Utawala wa Kijerumani ulileta mpango wa aina nyingine. Shule ya serikali ya Tanga, iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1890, ilikusudiwa kutoa makarani, wakalimani na wasaidizi wa maakida. Majumbe waliamriwa kutoa watoto, na wapo waliopeleka watoto wa watumwa au wa koo zisizo na sauti ili kuwaficha wa kwao. Ratiba ilikuwa ya kalenda ya ofisi, si ya mvua. Kufikia mwaka 1914 shule za serikali zilikuwa na takriban wanafunzi 6,000 tu, ilhali zile za misheni zilidai zaidi ya 150,000. Hesabu za misheni zilijumuisha vikundi vidogo vya katekista visivyo na zaidi ya kusoma, kuandika na dini, na hazipaswi kuchukuliwa kama kipimo cha elimu. Hata hivyo zinaonyesha jambo la maana kuhusu mahudhurio: katekista aliishi kijijini, alijua nyumba ya kila mwanafunzi, na darasa lake lilikuwa karibu.

Waingereza waliposhika Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliendelea kuzitegemea misheni kwa ruzuku, na wakaongeza shule za mamlaka za wenyeji zilizogharimiwa na kodi za machifu. Tatizo lililoonekana katika miaka yote hiyo lilikuwa la watoto kuanza na kutomaliza. Wengi waliacha kabla ya darasa la nne. Ada, umbali, kazi za nyumbani na mtihani wa kuchuja vilikuwa sababu zake, pamoja na ukweli kwamba mzazi wa kawaida hakuona ajira yoyote iliyomsubiri mtoto wake mwisho wa njia hiyo.

Katika miaka ya 1950 wazazi walianza kujijengea shule. Mwaka 1955 iliundwa Tanganyika African Parents Association, iliyojulikana zaidi kama TAPA, ikiwa karibu sana na chama cha siasa cha TANU. Matawi yake yalifungua shule za majani na udongo pale ambapo serikali wala misheni hazikuwa na mpango wa kufika. Walimu wake wengi walikuwa na darasa la nne au la nane, na waliishi kwa michango ya wazazi. Wakaguzi wa kikoloni walizitazama kwa wasiwasi, na baadhi ziliandamwa kwa kutosajiliwa. Baada ya uhuru shule nyingi za namna hii ziliingia katika mfumo wa serikali, na TAPA yenyewe ikageuka kuwa Jumuiya ya Wazazi. Kile kilichobaki kutoka TAPA ni desturi: shule inaweza kuanza kwa nguvu za wazazi, na serikali ikaja kuipokea baadaye. Desturi hiyo imedumu hadi leo.

Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, shule za msingi zilikuwa na watoto wasiofika nusu milioni. Mwaka uliofuata mgawanyo wa shule za Wazungu, Waasia na Waafrika uliondolewa, na mkazo wa kwanza wa serikali ukawa shule za sekondari na wataalamu. Machi 1967 Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, lililotaka shule iwe na shamba, mifugo na karakana, na iwe sehemu ya kijiji. Utekelezaji ulipishana sana. Ziko shule ambako shamba liligeuka kuwa kazi ya adhabu, na zipo nyingine ambako mahindi yaliyovunwa yaliwalisha wanafunzi au kulipia daftari na chaki. Katika hizo za pili, shamba la shule lilikuwa sababu ya mtoto kufika.

Wakati huohuo palikuwa pakikua elimu nyingine nje ya darasa la watoto. Sensa ya 1967 ilionyesha kwamba karibu watu wazima saba katika kila kumi hawakujua kusoma na kuandika. Kanda ya Ziwa, kwa ushirikiano na UNESCO, ulianzishwa mradi wa kisomo chenye manufaa, ambamo mtu alijifunza herufi kupitia kilimo cha pamba, ndizi, uvuvi au siasa ya nchi. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa ya ngumbaru, yaani ya kisomo cha watu wazima, yakaenea kila kona, chini ya miembe, kwenye ofisi za chama, katika makanisa na madrasa. Walimu wake walikuwa yeyote aliyejua kusoma: mwalimu wa shule baada ya saa za kazi, karani, mwanafunzi wa darasa la saba, mke wa bwana shamba. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanza mwaka 1960 kama tawi la masomo ya nje la Makerere na kupata sheria yake mwaka 1975, iliongoza kampeni za redio. Kubwa kuliko zote ilikuwa Mtu ni Afya ya 1973, ambamo watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi kusikiliza, kusoma kijitabu na kujadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo.

Kisomo hicho kinahusika moja kwa moja na mahudhurio ya watoto, ingawa mara nyingi huandikwa katika sura tofauti. Mama aliyejua kusoma aliweza kulikagua daftari la mwanawe. Pia vijiji vilizoea kupanga darasa kwa mapatano: saa ngapi, nani anafundisha, nani analeta taa ya chemli, darasa lisimame wiki gani kupisha mavuno. Miaka 25 baadaye, mpango wa watoto waliokosa shule uliegemea mazoea hayohayo.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, ikikutana Musoma, iliamua kwamba elimu ya msingi kwa wote, iliyokuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, ifikiwe Novemba 1977. Nchi haikuwa na madarasa wala walimu wa kutosha kwa uamuzi huo. Vijiji viliambiwa vijenge, na vilijenga. Vijiji hivyo vingi vilikuwa vipya, vimeundwa na operesheni ya kuwahamisha watu, ambayo kwa familia nyingi ilikuwa na machungu yake. Kwa shule, uhamisho huo ulikuwa na tokeo moja lisilopingika: watoto waliokuwa wametawanyika porini walikuja kuishi mahali ambapo darasa moja liliweza kuwafikia. Watu walifyatua tofali, wakakata miti, wakaezeka. Madarasa yalipojaa, watoto waligawanywa kwa zamu ya asubuhi na ya mchana. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi iliongezeka kutoka takriban milioni 1.2 mwaka 1974 hadi karibu milioni 3 mwaka 1978.

Walimu walipatikana kwa njia ambayo yenyewe ilikuwa elimu mbadala. Kuanzia 1976 wahitimu wa darasa la saba walichaguliwa kutoka vijijini kwao, wakapewa darasa la kufundisha mara moja, huku wakisoma ualimu kwa posta, kwa redio na kwa vipindi vya wakufunzi waliozunguka. Zaidi ya 35,000 walihitimu kwa mtindo huo. Wamesemwa vibaya sana, na ni kweli kwamba wengi walikuwa na maarifa madogo ya masomo. Lakini kijana huyo alifundisha watoto wa jirani zake. Alilala kijijini, hakuomba uhamisho wiki ya pili, na aliweza kwenda nyumba kwa nyumba jioni. Bila wao, shule nyingi za wakati ule zingekuwa majengo matupu.

Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978 ilifanya uandikishaji na mahudhurio kuwa ya lazima kwa watoto wa miaka 7 hadi 13, na mzazi aliyekaidi akawa na kosa. Kazi ya kuitekeleza ilikwenda kwa uongozi wa kijiji. Mwalimu aliita majina asubuhi na kutia alama kwenye daftari la mahudhurio. Jina likikosa alama siku kadhaa mfululizo, mwalimu mkuu aliandika barua kwa katibu wa kijiji, balozi wa nyumba kumi akatumwa, na mzazi akaitwa. Mahali pengine mgambo walitumwa kuwasaka watoto minadani au machungani. Utaratibu huo ulirudisha watoto, na bado unatumika, sasa kupitia watendaji wa vijiji na kata. Uwezo wake lakini una mpaka. Faini huweza kumrudisha mtoto aliyezuiwa na baba yake kwa ajili ya ng'ombe. Haimrudishi aliyebaki nyumbani kwa sababu hakula jana.

Miaka ya 1980 ilithibitisha hilo kwa uchungu. Baada ya vita vya Kagera, kupanda kwa bei ya mafuta na kushuka kwa mazao ya biashara, uchumi uliporomoka. Vitabu vilikosekana, madawati yakavunjika, mishahara ya walimu ikawa haitoshi. Michango ya wazazi ilirudishwa katikati ya muongo huo, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ada ya UPE, yaani ya elimu ya msingi kwa wote, ilikuwa shilingi 2,000 kwa mtoto, mbali na sare, daftari na michango mingine. Uandikishaji wa jumla, uliokuwa umekaribia asilimia 98 mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulishuka chini ya 80 kufikia mwisho wa muongo huo wa 1980. Sheria ilikuwa ileile, na barua kwa mtendaji ziliandikwa kama kawaida. Kufikia 1999 zaidi ya watoto wanne katika kila kumi wa umri wa shule ya msingi hawakuwemo darasani.

Ni katika hali hiyo ulipozaliwa Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa, ambao kila mtu anaujua kwa jina la MEMKWA. Serikali iliuandaa kwa msaada wa UNICEF na kuujaribu kuanzia 1999 katika wilaya tano: Kisarawe, Masasi, Ngara, Musoma Vijijini na Songea Vijijini. Wilaya hizo zilikuwa na mazingira tofauti, kuanzia mashamba ya korosho ya kusini hadi mpaka wa Ngara uliokuwa umepokea wakimbizi wa Rwanda na Burundi. Walengwa waligawanywa makundi mawili. La kwanza lilikuwa la watoto wa miaka 8 hadi 13, ambao baada ya kufaulu mtihani wa darasa la nne waliweza kuingia darasa la tano la kawaida. La pili lilikuwa la vijana wa miaka 14 hadi 18, ambao mtaala wao wa miaka mitatu uliwaelekeza kwenye mtihani wa darasa la saba.

Kituo cha MEMKWA kilifanana zaidi na darasa la ngumbaru kuliko na shule. Kilikaa kwenye chumba cha shule kilichoachwa wazi mchana, kwenye ofisi ya kijiji, au chini ya mti wenye ubao ulioegemezwa kwenye shina. Wanafunzi hawakulazimika kuvaa sare. Alikuja mtu na kandambili au peku, na nguo aliyonayo. Walikaa kwa duara, kwa vikundi vidogo. Aliyewaongoza aliitwa mwezeshaji, na kwa mpango kila kituo kilitakiwa kuwa na wawili: mwalimu mwenye cheti na mtu wa hapohapo kijijini mwenye elimu ya kutosha aliyepewa mafunzo mafupi. Saa za masomo zilikuwa chache, na kamati ya kituo, wazazi na wanafunzi wenyewe walizipanga. Katika kijiji cha wavuvi darasa liliweza kuanza baada ya mitumbwi kurudi. Kwa msichana anayefanya kazi za ndani, saa nane mchana ilikuwa saa pekee aliyoweza kuomba ruhusa. Masomo yalipunguzwa kufikia yale ya msingi, kukiwa na stadi za kazi na mazungumzo ya wazi kuhusu afya, UKIMWI na maisha.

Jambo kubwa zaidi lilikuwa namna watoto walivyopatikana. Haikutosha kutangaza. Kamati zilifanya sensa ya kijiji, nyumba kwa nyumba, zikiuliza ni nani wa umri wa shule, yuko wapi, na kwa nini. Watoto waligunduliwa ambao daftari la shule halikuwahi kuwajua: yatima wanaolea wadogo zao, mabinti waliozaa, walemavu waliofichwa ndani, wachunga mbuzi wa watu wengine kwa malipo ya chakula. Shule ya kawaida huweka kumbukumbu ya aliyekuja akaacha, wakati MEMKWA ilianza na asiyewahi kuja. Wanafunzi wa mwanzo walipofanya mitihani ya kitaifa, wapo waliofaulu kuendelea na sekondari, na hilo liliwafungua macho hata maofisa waliokuwa wameuona mpango huo kama elimu ya daraja la pili.

Mwaka 2001 serikali ilifuta ada ya shule za msingi, na mwaka uliofuata ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, uliotoa ruzuku iliyokadiriwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi na kuzipa kamati za shule akaunti za benki. Uandikishaji ulipanda kwa kasi iliyokumbusha miaka ya Musoma: kutoka wanafunzi takriban milioni 4.8 mwaka 2001 hadi karibu milioni 8 mwaka 2006. MEMKWA ilitandazwa nchi nzima kama sehemu ya mpango huo, na katikati ya muongo wanafunzi wake walihesabiwa kwa malaki. Watoto waliopitisha umri walipata pa kuanzia bila kukaa dawati moja na wa miaka saba.

Kisha mpango wa MEMKWA ukapungua. Kwa kiasi fulani hilo lilikuwa mafanikio, maana shule za kawaida zilishawapokea wengi. Lakini ulipungua pia pale ulipokuwa bado unahitajika. Posho ya mwezeshaji wa kijijini, ndogo tangu mwanzo, ilichelewa miezi, na ilitarajiwa kwamba halmashauri na vijiji vingeibeba baada ya wafadhili. Havikuweza. Wawezeshaji waliondoka kimya kimya, na mwalimu mwenye cheti alirudi kwenye darasa lake lenye watoto mia. Mpango uliotegemea majirani haukuwalipa majirani, na hii ndiyo kasoro yake kubwa. Upande wa watu wazima, Mpango wa Uwiano kati ya Elimu ya Watu Wazima na Jamii, MUKEJA, uliojaribiwa katika miaka ya 1990, ulipitia njia inayofanana.

Chakula cha shuleni, sababu nyingine ya mtoto kuja au kutokuja, nacho kina historia yake ndefu na ya kupanda na kushuka. Katika mikoa kame ya Dodoma, Singida, Arusha na Manyara, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lililisha shule kwa miaka mingi kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa uji wa unga uliorutubishwa asubuhi na chakula cha mchana. Madarasa yalijaa, hasa miezi ya Januari hadi Machi, wakati ghala za nyumbani huwa tupu. Msaada ulipopunguzwa katika miaka ya 2010, mzigo ulibaki kwa wazazi.

Utaratibu wa wazazi unaeleweka kwa kila aliyesoma shule ya kijijini. Mkutano wa wazazi hukubaliana kiwango: debe la mahindi na kilo kadhaa za maharage kwa mtoto kwa mwaka, na fedha kidogo ya mpishi, chumvi na mafuta. Mahindi hupokelewa baada ya mavuno, hupimwa mbele ya mjumbe wa kamati, na kuhifadhiwa kwenye stoo ya shule au chumba cha mwalimu mkuu. Jiko ni banda la bati au nyasi, na sufuria kubwa iko juu ya mafiga matatu. Wanafunzi huja na kuni, kila mmoja kijiti kimoja au viwili. Mpishi, mara nyingi mama wa kijijini, huinjika makande mapema, maana mahindi makavu na maharage huchukua saa nyingi kuiva. Kabla ya saa nne huwa kuna uji. Kila mtoto ana kikombe chake, na ukosefu wa kikombe ni aibu inayoweza kumfanya mtoto asije. Shida hutokea kwa mtoto ambaye mzazi wake hakuchangia. Shule nyingine zimemnyima. Nyingine zimekubaliana kumpa, na mzazi akalipa kwa kuchota maji au kufanya usafi wa jiko. Uamuzi huo mdogo wa kamati huamua kama mtoto maskini zaidi kijijini atabaki shuleni, na hakuna waraka wowote unaoweza kuufanya kwa niaba yao.

Kuanzia Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, elimu bila malipo ilifikishwa hadi kidato cha nne. Wanafunzi wa darasa la kwanza walifurika tena. Lakini wazazi wengi walielewa kwamba michango yote imepigwa marufuku, na viongozi wakaogopa kuitisha hata ile ya uji. Waraka Na. 3 wa 2016 ulifafanua kuwa sare na chakula cha mtoto wa kutwa ni jukumu la mzazi, ila majiko mengi yalikuwa tayari yamezimwa. Mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe shuleni ulikuja baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2020, ukirudisha mashamba ya shule na michango ya hiari iliyokubaliwa na wazazi wenyewe.

Umbali nao ulitafutiwa dawa na vijiji kabla ya wizara. Kitongoji kilicho mbali na shule, labda ng'ambo ya mto unaofurika masika, hujenga chumba kimoja au viwili, hutafuta kijana wa kidato cha nne wa kujitolea, na kuanza na watoto wadogo wa awali na darasa la kwanza na la pili. Hii ndiyo shule shikizi. Imeshikizwa kwenye shule mama, ambayo humsajili mtoto na kumpokea akishakua na miguu ya kutembea mbali. Ni TAPA kwa sura nyingine. Serikali ilizitambua wazi mwaka 2021, fedha za mkopo wa kukabiliana na UVIKO-19 zilipojenga madarasa 15,000, ambapo 3,000 yalikuwa ya vituo shikizi na 12,000 ya sekondari.

Kwa sekondari, jibu la umbali lilikuwa shule za kata. Idadi ya shule za sekondari ilipanda kutoka chini ya 1,300 mwaka 2004 hadi zaidi ya 4,000 mwaka 2010, na maboma yake mengi yaliinuliwa kwa nguvu kazi na michango. Kata nyingi ni kubwa, hivyo shule ya kata ikaweza kuwa umbali wa saa mbili kwa miguu. Wanafunzi wakapanga vyumba karibu na shule, wakiviita geto, wakijipikia na kujilinda wenyewe. Kwa wasichana wa miaka 14 na 15 mpango huo ulikuwa wa hatari. Mabweni na hosteli zilizojengwa na wazazi, mashirika na Mamlaka ya Elimu Tanzania zimewaokoa wengi, bado si wote.

Mimba ndiyo iliyoweka ukuta mrefu kuliko yote. Kwa miongo kadhaa mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa, na Juni 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani mkoani Pwani kwamba hataruhusiwa kurudi. Zanzibar, iliyotangaza elimu bure tangu 1964, ilikuwa imeruhusu wasichana kurudi tangu 2010, na ina idara yake ya elimu mbadala na watu wazima pamoja na kituo cha Rahaleo mjini Unguja. Bara, kazi ya kuwasomesha wasichana hao ilibebwa na taasisi zilizokuwa pembeni ya mfumo. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa kuanzia 1975 kwa msaada wa Sweden na mfano wa vyuo vya wananchi vya huko, vilikuwa na vyumba, mashamba, karakana na walimu katika wilaya nyingi za vijijini. Shirika la Karibu Tanzania Organization, likishirikiana na vyuo hivyo 54, liliendesha mpango wa Elimu Haina Mwisho, ambamo mama kijana husoma sekondari, fani kama ushonaji au umeme, na ujasiriamali kwa pamoja. Jina hilo lilikuwa pia la gazeti la vijijini la Kanda ya Ziwa katika miaka ya 1970.

Kilichowawezesha wasichana hao kuhudhuria ni kituo cha malezi ya watoto ndani ya chuo. Mama huingia na mtoto mgongoni asubuhi, humwacha kwa mlezi chumbani penye mikeka na vitu vya kuchezea, na wakati wa mapumziko huja kumnyonyesha kabla ya kurudi kwenye hisabati. Ndugu huko nyumbani hawalazimiki kuacha shamba ili kumlea mtoto. Hakuna kifungu cha sheria ya 1978 kilichowahi kulifikiria jambo hili, na bado kwa wanafunzi hao ndilo linaloamua kuja au kutokuja.

Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri Joyce Ndalichako alitangaza kuondolewa kwa zuio la wasichana waliopata mimba kurudi shuleni, kwa Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo. Kabla ya hapo, Machi 2020, Benki ya Dunia ilikuwa imeidhinisha dola milioni 500 za mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, SEQUIP, baada ya kuzizuia fedha za awali mwaka 2018 kutokana, pamoja na mengine, na suala la wasichana hao. Mradi huo uliipa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima jukumu la kuendesha sekondari kwa njia mbadala bila ada, ambapo kidato cha kwanza hadi cha nne husomwa kwa miaka miwili. Msichana sasa ana njia mbili: arudi shuleni au aende kituoni. Wengi huchagua kituo, wakikwepa macho ya waliokuwa wadogo zao darasani na ratiba isiyomwachia mama nafasi.

Njia za wengine zimezidi kupanuka kandokando. Mtihani wa Maarifa unamruhusu asiyepitia sekondari ya kawaida kujipima kabla ya kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mpango wa Elimu Changamani kwa Vijana Walio Nje ya Shule, IPOSA, unawalenga wa miaka 14 hadi 19 kwa kuunganisha kisomo, stadi za maisha na ufundi, ukitumia karakana za mafundi wa mtaani kama madarasa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma mwanzoni mwa 2025, imefanya elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari. Wanafunzi wa kwanza kumaliza msingi katika darasa la sita wanatarajiwa mwaka 2027, pamoja na wale wa darasa la saba, na halmashauri zinajiandaa kupokea makundi mawili kidato cha kwanza kwa mara moja, kwa madarasa, meza na sufuria ambazo sehemu yake, kama ilivyokuwa mwaka 1974, zitatoka kwa wazazi.